Siku 45 za mzazi, miaka saba ya mtoto

Chini kabisa ya hukumu nyingi za talaka na ulezi wa watoto, karibu na sahihi ya hakimu, huwapo sentensi moja fupi: "Haki ya rufaa imeelezwa." Hakimu anaisoma kwa sauti ileile aliyosomea majina ya wadaawa, karani anaita shauri linalofuata, na watu wawili waliowahi kulala chumba kimoja wanatoka kwa mlango mmoja bila kusalimiana. Mmoja kapewa watoto. Mwingine kapewa Jumamosi mbili kwa mwezi, na siku 45.

Siku hizo 45 zimo kwenye kifungu cha 80 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara ya mwaka 1971 (natumia namba za Toleo la 2019, ambazo mawakili na mahakimu wengi bado wanazo kichwani). Asiyeridhika na uamuzi wa mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi katika shauri la ndoa anakwenda Mahakama Kuu, lakini karatasi zake za rufaa anazipeleka kwanza palepale alikoshindwa. Akitaka kuendelea hadi Mahakama ya Rufani anakutana na hesabu nyingine: siku 30 za kutoa notisi ya rufaa, kisha siku 60 za kuleta rufaa yenyewe. Mashauri ya madai yanayoanzia Mahakama ya Mwanzo kwa kawaida yana siku 30. Sentensi ya hakimu haitaji hata moja ya namba hizi.

Siku zikipita, mlango haufungwi moja kwa moja. Mzazi anaweza kuomba aongezewe muda, na hapo ndipo makala haya yanapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ombi hilo linaonekana la karatasi tu kumbe ndilo linaloamua mtoto atakulia nyumba gani.

Wanaochelewa si wazembe wote. Wapo wazembe, tusidanganyane, na wapo wanaokumbuka rufaa siku wanapotakiwa kulipa matunzo. Lakini kundi kubwa limepotezwa na mambo tunayoyafahamu sote. La kwanza ni wazee. Mtu akishindwa kesi ya watoto, baba mkubwa na shangazi wanakuja na neno lao: tulia mwanangu, hili tutalimaliza nyumbani. Kikao cha kwanza kinaahirishwa kwa sababu ya msiba, cha pili upande wa mume hautokei, cha tatu mnakubaliana mtoto aje likizo ya Juni. Saa ya mahakama haisimami kwa ajili ya kikao cha ukoo. Haisimami pia kwa barua ya malalamiko kwa mkuu wa wilaya, wala kwa safari za kwenda kwa afisa ustawi wa jamii, ingawa kila mlango kati ya hiyo una mtu atakayekupokea, aandike jina lako kwenye daftari na kukuambia urudi wiki ijayo.

Halafu kuna suala la nakala ya hukumu. Watu wengi huamini kwamba bila nakala mkononi huwezi kukata rufaa, hivyo wanakwenda masjala kila Jumatatu kuulizia. Ukweli una pande mbili. Kwa rufaa ambazo lazima ziambatane na nakala, Sheria ya Ukomo inaondoa kwenye hesabu siku ulizokuwa ukiisubiri, mradi uliiomba. Lakini kwa rufaa zinazotokana na Mahakama ya Mwanzo, majaji wameshasema mara nyingi kwamba kuambatanisha nakala si takwa la sheria. Kwa hiyo aliyekaa miezi miwili akisubiri nakala ya Mahakama ya Mwanzo alikuwa akisubiri kitu ambacho hakuna aliyekidai, na akija kukitaja kama sababu ya kuchelewa anaweza kujibiwa hivyohivyo. Nani alimwambia kabla?

Lugha nayo ina sehemu yake. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama nchini. Mahakama ya Mwanzo imekitumia miaka yote. Huko juu, hukumu za Kiingereza hazijaisha, na mzazi aliyeishia darasa la saba anaweza kutembea na kurasa kumi na mbili kwenye mfuko, asijue kwamba ukurasa wa tisa ndio uliompokonya mwanawe.

Basi tufike kwenye ombi lenyewe. Mahakama inauliza kama kuna sababu za msingi. Sababu za msingi ni zipi? Uamuzi unaonukuliwa karibu kila siku ni wa Mahakama ya Rufani katika ombi la mwaka 2010 kati ya kampuni ya ujenzi ya Lyamuya na wadhamini wa chama cha wanawake vijana Wakristo, YWCA. Humo Mahakama iliweka vigezo vinne ambavyo kila wakili anaweza kuvisoma akiwa usingizini: mwombaji aeleze muda wote aliochelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, aonyeshe alikuwa akifuatilia, hakulala wala hakufanya mambo ovyoovyo, na kama kuna jambo lingine zito, hasa uharamu katika uamuzi unaopingwa, litazamwe. Kigezo hicho cha mwisho kina mizizi katika kesi ya mwaka 1992 iliyoihusu Wizara ya Ulinzi na mfanyabiashara aliyekuwa akiidai. Ipo pia tofauti kati ya kuchelewa kwa kweli na kuchelewa kwa kiufundi, pale rufaa ya kwanza ililetwa kwa wakati ikaondolewa kwa kasoro; hiyo inatoka kwenye kesi ya mwaka 1997 ya wanasiasa Fortunatus Masha na William Shija. Na lipo sharti kali kuliko yote, la tangu ombi moja la mwaka 2007: hata siku moja ya kuchelewa lazima iwe na maelezo.

Kenya hawako mbali. Huko vigezo vinavyotajwa zaidi vilitoka Mahakama ya Juu mwaka 2014, katika kesi ya mwanasiasa Nick Salat dhidi ya tume ya uchaguzi.

Mkandarasi, wizara, wabunge, tume ya uchaguzi. Sheria yetu ya kuchelewa imejengwa na watu wazima waliokuwa wakigombea fedha, majengo na viti. Sina ugomvi na majaji walioiandika; walijibu maswali yaliyokuwa mezani kwao, na waliyajibu vizuri. Ila ukivisoma vile vigezo vinne polepole utaona mtoto hayumo. Vinamchunguza mwombaji: alikuwa wapi, alifanya nini, anaweza kuthibitisha? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema maslahi bora ya mtoto ndiyo yatangulie katika kila jambo linalomhusu, liwe la mahakama, la serikali au la taasisi binafsi. Je, ombi la kuongezewa muda katika kesi ya ulezi si jambo linalomhusu mtoto? Kwa maoni yangu linamhusu kuliko linavyomhusu mzazi, lakini hoja nyingi zinazowasilishwa hazimgusi kabisa. Wakili wa mleta maombi anapigania siku zake, wa mjibu maombi anazishambulia siku hizohizo.

Hebu tutazame hati ya kiapo ilivyo, maana ndiyo roho ya ombi. Aya ya pili inasema hukumu ilitolewa lini. Aya ya tano: kwamba kuanzia tarehe 5 hadi 22 Mei nilikuwa nikimuuguza mama yangu mzazi, na nakala ya cheti cha hospitali imeambatanishwa kama kiambatisho B. Aya ya sita: kwamba tarehe 1 Juni nilionana na msaidizi wa kisheria. Wakili wa upande wa pili haulizi kama mama aliugua kweli. Anauliza: tarehe 23 hadi 31 Mei je? Siku tisa hazina mwenyewe, na zinatosha kuangusha ombi zima. Mtoto mwenyewe anatajwa kwenye aya moja, kwa herufi za mwanzo za jina lake.

Sasa tuchukue mfano ambao si wa mtu yeyote, ila karani yeyote wa masjala ataufahamu. Mtoto wa kike, miaka sita na miezi mitatu, yuko Dar es Salaam na mama yake. Tarehe 3 Machi hukumu inampa baba ulezi kwa sababu mama hana kipato cha kueleweka. Baba anampeleka kwa bibi yake Singida. Kukata rufaa hakusimamishi utekelezaji wa amri. Hilo linahitaji ombi la peke yake, na mama halijui. Siku 45 zinaisha tarehe 17 Aprili, katikati ya vikao vya ukoo. Julai anapeleka ombi la kuongezewa muda. Mjibu maombi analeta kiapo kinzani, pande zote zinaamriwa kujibizana kwa maandishi, tarehe inapangwa, jaji yuko kwenye kikao nje ya kituo, tarehe inapangwa tena. Februari mama anashinda. Ameongezewa muda! Rufaa yenyewe itasikilizwa baadaye mwaka huohuo.

Ila mtoto alitimiza miaka saba mwezi Desemba. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa kinaweka dhana kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni heri akae na mama yake. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, lakini ndiyo iliyokuwa silaha kubwa ya mama huyu siku ya hukumu, na pengine hakimu aliikosea. Sasa haipo. Kifungu hichohicho kinaiambia mahakama izingatie kwamba si vizuri kumvuruga mtoto kwa kumhamisha kutoka mlezi mmoja hadi mwingine. Machi maneno hayo yalikuwa upande wa mama. Sasa mtoto yuko darasa la pili Singida, ana marafiki, anamwita bibi "mama", na maneno yaleyale yamehamia kwa baba. Rufaa inauliza kama hakimu alikosea kuhusu mtoto wa miaka sita. Mtoto huyo hayupo tena.

Hili halikuanza kwetu. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, mjini Strasbourg, ililisema wazi mwaka 1987 katika shauri la mama mmoja dhidi ya Uingereza: katika mashauri ya aina hii kuchelewa kunaweza kuliamua jambo lenyewe kabla mahakama haijalisikiliza. Kesi ile ilikuwa imechukua miaka miwili na miezi saba. Majaji waliona kwamba ndivyo ilivyotokea kwa mama yule.

Mfano mkali zaidi ulitokea Norfolk, hukohuko Uingereza. Mwaka 2003 wazazi walimpeleka mmoja wa watoto wao hospitali akiwa amevimba mguu. Picha za eksirei zilionyesha mivunjiko, wataalamu wakaona dalili za kuteswa, na watoto watatu wakaondolewa nyumbani, kisha mwaka 2005 wakaasiliwa na familia nyingine. Baadaye, mtoto wa nne alipozaliwa na halmashauri ikafungua shauri tena, wataalamu wengine walitoa maelezo tofauti: huenda mifupa ile ilidhoofishwa na upungufu wa vitamini C na madini ya chuma kutokana na lishe ya mtoto. Halmashauri ikaliondoa shauri la mtoto wa nne, naye akabaki na wazazi wake. Ndipo wazazi wakaomba kukata rufaa nje ya muda dhidi ya amri za kuasiliwa kwa wale watatu. Februari 2009 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilikubali kwamba yawezekana walitendewa dhuluma kubwa, na ikawakatalia. Watoto walikuwa wamekaa na wazazi wao wapya kwa miaka, na amri ya kuasili iliyotolewa kihalali haitenguliwi ila kwa sababu za kipekee kabisa. Wazazi wale waliondoka na mtoto mmoja kati ya wanne.

Nimeileta kesi hiyo kwa sababu inaonyesha mpaka. Kuasili ni amri ya kudumu. Ulezi si hivyo, na hapa ndipo lilipo jambo ambalo ningependa kila mzazi aliyepitwa na siku alisikie kabla hajauza kiwanja kumlipa wakili.

Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama uwezo wa kubadilisha au kufuta amri ya ulezi au ya matunzo wakati wowote, mara kwa mara ikibidi, kwa ombi la mwenye maslahi, kama amri ilitokana na maelezo ya uongo au kosa kuhusu ukweli wa mambo, au kama hali imebadilika kwa kiasi kikubwa. Sheria ya Mtoto nayo inaruhusu mahakama, wakati wowote, kumwondolea mtu ulezi na kumpa mwingine, kigezo kikuu kikiwa maslahi ya mtoto. Hakuna siku 45 hapo. Hakuna anayekuuliza ulikuwa wapi tarehe 23 Mei.

Tofauti ya njia hizi mbili ni kubwa. Rufaa inaangalia nyuma: jalada lile, ushahidi uleule, hakimu alikosea au hakukosea, na kuleta ushahidi mpya kunahitaji ruhusa inayotolewa kwa shida. Ombi la kubadilisha amri linaangalia mtoto alivyo leo. Baba kaoa na mtoto kaachwa kwa jirani. Mama sasa ana kazi na nyumba. Mtoto haendi shule. Mtoto kakua na anaweza kusema anachotaka. Sheria inataka mahakama imsikilize mtoto aliyefikia umri wa kutoa maoni yake mwenyewe, na mahakimu wengi humwita chemba, bila wazazi, wakamuuliza anakula saa ngapi na nani anamsaidia kazi za shule. Hayo yote hayamo kwenye jalada la zamani. Baba aliyeamriwa matunzo akiwa kazini, kisha akaachishwa, naye njia yake ni hiyohiyo. Haina maana akahangaikia rufaa ya amri ambayo siku ilipotolewa ilikuwa sawa.

Kwa nini basi watu wanapanda ngazi ya kuongezewa muda miaka miwili mizima? Moja ni heshima. Rufaa inamwambia mshindi kwamba hakushinda kihalali, na baada ya talaka chungu watu wanataka neno hilo kuliko wanavyomtaka mtoto. Nyingine ni ushauri mbovu. Kuna waandishi wa karatasi za kesi karibu na mahakama, na mawakili wachache pia, ambao wana fomu moja tu kichwani.

Najua pingamizi. Ukifungua mlango wa wakati wowote, aliyeshindwa atarudi kila mwezi, na mtoto atakulia kwenye korido za mahakama. Ni hoja nzito, ndiyo maana sheria inadai mabadiliko makubwa na si hasira mpya, na hakimu makini atalitupa ombi linalorudia maneno ya jana. Hata ukomo wa siku ninautetea. Mtoto anahitaji kujua mwezi ujao atalala wapi na sare ya shule ipi inunuliwe. Nisichokitetea ni utaratibu unaoshughulika na siku za wazazi kwa miezi saba huku ukijiita mlinzi wa mtoto. Ombi la kuongezewa muda katika kesi ya ulezi lingepaswa kusikilizwa ndani ya wiki chache, afisa ustawi wa jamii akiwa ameshaulizwa swali moja: mtoto yuko wapi na anaendeleaje? Na jaji anayeongeza muda, au anayekataa, aandike aya moja kuhusu mtoto huyo. Hilo halihitaji Bunge. Linahitaji mwongozo wa utendaji tu. Na ile sentensi ya haki ya rufaa ingeandikwa hivi: mwisho wa kukata rufaa ni tarehe 17 Aprili. Hesabu hiyo inamchukua karani dakika moja.

Dalili nzuri zipo. Temeke, Dar es Salaam, tangu mwaka 2021 pana kituo jumuishi cha masuala ya familia ambapo Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya na Mahakama Kuu ziko eneo moja, hivyo mzazi hatafuti majengo matatu katika jiji lenye foleni. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, wanaofika vijijini ambako wakili hafiki. Kwa Zanzibar mambo yana sura yake, yenye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011 na mahakama za Kadhi, na yanastahili makala yake yenyewe.

Kama hukumu ya watoto wako imetoka wiki hii, nenda masjala kesho na uulize tarehe ya mwisho ya rufaa, iandikwe kwenye karatasi. Kama tarehe hiyo imeshapita, usianze kwa kutafuta sababu za kuchelewa. Mtafute msaidizi wa kisheria au wakili, umuulize kwanza kama katika shauri lako amri yenyewe inaweza kubadilishwa, kisha umweleze hali ya mtoto ilivyo leo: anaishi na nani, anasoma wapi, mara ya mwisho ulimwona lini. Hayo ndiyo mahakama itakayoyahitaji.